Karatasi ya Mwisho

Tarehe 26 Novemba 2014 Baraza la Mawaziri la Kenya lilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya. Halikutaja mwisho wa marufuku hiyo. Vibali vya kushughulikia uasili wa kimataifa vilifutwa, na serikali ikaeleza kwamba ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu ilikuwa imeitaja Kenya, pamoja na Uganda, Afrika Kusini na Ethiopia, miongoni mwa nchi ambako watu huchukuliwa, hupitishwa au hupelekwa.

Kwa wengi hiyo ilikuwa habari ya redio tu, inapita katikati ya bei ya unga na siasa. Kwangu haikupita. Nilikuwa na miaka 16, shule zimefungwa, niko Katito kwa dani, na nilimjua mtoto mmoja aliyekuwa amebakisha hatua chache sana kabla ya kuondoka Kenya.

Kama hujawahi kufika Katito, ni pale barabara ya kutoka Ahero kwenda Sondu inapoachana na ile ya Kendu Bay na Homa Bay. Ni soko, stendi ya matatu, boda, omena, mitumba, na nyuma yake nchi ya Nyakach inapanda polepole kuelekea Nyabondo. Dani, yaani nyanya yangu, alikuwa mpishi katika makao ya watoto si mbali na hapo. Huyo mtoto aliokotwa akiwa mchanga mwanzoni mwa 2012. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa anakaa akitazama watu kama yuko barazani, basi dani akambandika jina Jaduong', mzee. Jina lake la kwenye faili silitaji hapa. Ni lake.

Nataka kueleza jinsi mtoto wa Katito alivyojikuta akingojwa na watu wa Ulaya, kwa nini mlango ulifungwa, na ni nani aliyebaki akingoja baada ya hapo. Hadithi hii husimuliwa sana kutoka upande wa wanandoa wanaongoja: chumba kimepakwa rangi, kitanda kimenunuliwa, simu haiiti. Kungoja kwao ni kwa kweli, sitakudharau. Ila kuna upande wa pili wa hiyo foleni, na huko hakuna aliyeulizwa kama anataka kupanga.

*

Tuanze na utaratibu wenyewe, kwa sababu bila huo huwezi kuelewa neno "mwisho" linamaanisha nini.

Chini ya Sheria ya Watoto ya 2001, mtoto hakuweza kuasiliwa kabla ya kutimiza wiki sita, na ilibidi kwanza chama cha uasili kilichosajiliwa kitangaze kwamba yuko huru kuasiliwa. Kwa mtoto aliyeokotwa, jambo linaanzia kituo cha polisi. Anaandikwa kwenye OB, anapata namba, anapelekwa makao. Halafu polisi wanatafuta jamaa zake kwa miezi sita. Wasipopatikana, polisi wanaandika barua ya pili kusema hivyo. Hiyo barua ya pili ndiyo inayofungua njia, na makao mengi yanaijua kwa uzito wake: bila barua, mtoto anabaki katikati, si wa mtu na si wa kuchukuliwa.

Baada ya hapo anatafutiwa familia. Mgeni alipitia chama cha uasili cha kwao, kisha cha Kenya, kisha Kamati ya Kitaifa ya Uasili. Akikubaliwa na kuoanishwa na mtoto, bado hawezi kumbeba na kupanda ndege. Sheria ilitaka mtoto akae mikononi mwake, ndani ya Kenya, miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi kupelekwa Mahakama Kuu. Mahakama nayo inamteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto wakati wa kesi, inataka ripoti yake na ya wengine, inapanga tarehe. Ukijumlisha na pasipoti, wageni wengi walijikuta wamekodi nyumba Nairobi kwa zaidi ya nusu mwaka, wakisukuma mtoto kwenye bembea za watu.

Jaduong' alikuwa ameshapita polisi, ameshatangazwa huru, ameshaoanishwa. Wanandoa wake walikuwa waje Januari 2015. Walikuwa wametuma albamu ndogo ya picha: nyumba yenye paa jekundu, mbwa, baiskeli ya magurudumu matatu, chumba chenye pazia la buluu. Chini ya kila picha kulikuwa na maneno ya Kiingereza, na kazi yangu ya likizo ilikuwa kumsomea kwa Dholuo. Alikuwa na miaka miwili na nusu hivi. Alipenda picha ya mbwa. Wale watu wawili aliwaita kwa neno moja, "jo-buk", watu wa kitabu.

*

Wazo lenyewe, kwamba karatasi ya mahakama inaweza kumfanya mtoto wa mtu kuwa wako kabisa, ni changa kuliko unavyodhani. Uingereza, iliyotuletea sheria zetu nyingi, ilipata sheria yake ya kwanza ya uasili mwaka 1926. Makoloni yakafuata. Kenya ya mzungu ilikuwa na sheria ya uasili, lakini kwa Mwafrika wa Nyanza hiyo ilikuwa sheria ya watu wengine. Mwaka 1955, katikati ya Hali ya Hatari, kikaundwa Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya kushughulikia watoto waliotenganishwa na familia zao. Fikiria hilo kidogo: serikali ya kikoloni inakusanya wazazi kambini, halafu kunahitajika chama cha kutunza watoto wao.

Mwaka huo huo wa 1955, mbali na hapa, mkulima wa Oregon aitwaye Harry Holt na mkewe Bertha waliasili watoto wanane wa Korea waliopoteza familia zao kwa sababu ya vita. Bunge la Marekani lilipitisha sheria maalum kwa ajili yao. Kutokana na tukio hilo ukakua mfumo mzima: mashirika, ndege, faili, ada. Kwa miongo iliyofuata Korea Kusini ilituma ng'ambo watoto wanaokadiriwa kufika 200,000 hivi, na walio wengi waliondoka vita ikiwa imekwisha zamani.

Mfumo ulipokua, wizi ukaingia. Ndiyo maana nchi zilikutana The Hague na tarehe 29 Mei 1993 zikakamilisha mkataba wa kulinda watoto katika uasili wa kimataifa. Msingi wake ni foleni: mtoto kwanza abaki na familia yake, ikishindikana, atafutiwe familia nyingine nchini mwake, mgeni ni wa mwisho kwenye mstari. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 2007. Miaka michache kabla, mwaka 2004, dunia ilikuwa imefika kilele: zaidi ya watoto 45,000 walivuka mipaka kwa uasili kwa mwaka mmoja, karibu 23,000 kati yao wakienda Marekani.

Kwa hiyo Kenya iliingia karamuni wakati vyombo vinaanza kutolewa.

*

Sasa njoo kwa majirani, kwa sababu marufuku ya Nairobi haikutoka hewani.

Malawi mwaka 2009, Mahakama Kuu ilimkatalia mwanamuziki Madonna kumuasili msichana kwa sababu hakuwa mkazi wa nchi hiyo. Hiyo ilikuwa Aprili. Kufikia tarehe 12 Juni, Mahakama ya Rufaa ya Juu ilikuwa imemruhusu. Watu wakabishana miezi: je, sheria ya ukaazi ipo kumlinda mtoto, ama ipo kwa wasio na pesa za kukata rufaa?

Uganda sheria ilitaka mgeni akae nchini na kumlea mtoto miaka mitatu kabla ya kumuasili. Nani ana miaka mitatu? Basi mawakili wakapata mlango wa nyuma: waombe ulezi wa kisheria tu, wachukue mtoto, uasili ukamilike huko huko ng'ambo. Mwaka 2016 Bunge likarekebisha sheria, likapunguza muda hadi mwaka mmoja na kuufunga huo mlango kwa wageni. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mshirika wake, ikisema walihusika katika mpango ambapo wazazi walio hai vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma. Watoto waliishia kuitwa yatima.

Hilo neno, kusoma, lisome tena. Hapa kwetu mtoto kupelekwa kwa mjomba Nairobi akasome ni jambo la kawaida, na Desemba anarudi. Mzazi anayetia kidole gumba kwenye karatasi ya namna hiyo anafikiria Desemba. Hafikirii kwamba sheria ya Kiingereza ina neno la kumfuta.

Halafu kuna Kongo. Tarehe 25 Septemba 2013 idara ya uhamiaji ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Hawa ni watoto ambao mahakama ilishamaliza nao. Kwa sheria walishakuwa na wazazi wapya. Kilichokosekana ni karatasi moja, ya mwisho, ya kupita uwanja wa ndege. Zaidi ya watoto elfu moja walikwama. Familia za Kiitaliano zilienda Kinshasa, zikakaa na watoto wao wiki baada ya wiki, viza zikaisha, wengi wakarudi peke yao. Mei 2014 watoto 31 waliruhusiwa, na waziri wa Italia, Maria Elena Boschi, akaruka nao mpaka Roma. Waliosalia waliendelea kungoja. Ilifika Februari 2016 ndipo kundi kubwa, zaidi ya 150, likapata ruhusa. Mtoto aliyekuwa anatambaa marufuku ilipoanza alikuwa anaongea sentensi ndefu, kwa Kilingala ama Kifaransa, na mama aliyemsubiri alikuwa amejifunza kumfahamu kupitia skrini.

Ethiopia, iliyokuwa miongoni mwa nchi zinazotoa watoto wengi zaidi Afrika, ilipiga marufuku kabisa Januari 2018. Kenya ikarudia yake Septemba 2019, Baraza la Mawaziri likisema tena kwamba wageni wasiasili watoto wa Kenya.

Ukizitazama hizi nchi pamoja, kila moja ina sababu ya haki. Pesa za kigeni zilikuwa zinaunda yatima. Makao ambayo hayakuwepo yanatokea, watoto wenye shangazi na babu wanapatikana humo. Serikali iliyofunga mlango ilikuwa na hoja, na mimi naikubali hoja hiyo. Ninachouliza ni kitu kingine: mlango ulipofungwa, waliokuwa kizingitini walipelekwa wapi?

*

Kabla ya kujibu, lazima niseme jambo kuhusu Waluo, kwa sababu kuna watu wanasema uasili ni desturi ya kizungu na kwamba Mwafrika hajui kulea mtoto asiye wa damu yake. Wanaosema hivyo hawajasoma historia yetu.

Zamani katika boma la Mluo kulikuwa na nyumba iitwayo siwindhe, ambamo watoto walilala na kufundishwa. Mwenye nyumba hiyo alikuwa pim, mwanamke mzee. Mwanahistoria David William Cohen, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu Siaya pamoja na E. S. Atieno Odhiambo, alimfanya pim kuwa mlango wa kuingilia historia ya maisha ya kila siku ya Waluo. Mara nyingi pim hakuwa nyanya wa watoto hao kwa damu. Alitoka kwingine, akaletwa, akakaa, akalea. Mambo makubwa ya dunia, kama watu wanaoishi ng'ambo ya mto, nani ni nani, mwili ni nini, mtoto aliyasikia kwanza kwa mgeni huyo mzee gizani.

Kwa hiyo hapa mgeni wa kulea yupo tangu jadi. Tofauti ni kwamba pim alikuja kwa mtoto. Mtoto hakuhamishwa kumfuata pim.

Kisha ikaja ukimwi. Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa, na kufikia wakati huo Nyanza ilikuwa imezika mno. Utafiti wa kitaifa wa 2007 ulikuta karibu asilimia 15 ya watu wazima Nyanza wana virusi, mara mbili ya kiwango cha nchi nzima. Kwa Dholuo mtoto yatima ni nyathi kich, na kuna miaka ambayo neno hilo lilitumika kila siku darasani. Waliobeba mzigo ni nyanya. Mwaka 2004 serikali ilianza kwa majaribio kutoa pesa taslimu kwa familia zinazolea yatima, na ilipopanua mpango huo 2007 Kisumu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofanyiwa tathmini. Familia ilipata shilingi 1,500 kwa mwezi, baadaye 2,000. Si pesa nyingi. Lakini zilikuwa mara ya kwanza kwa serikali kukiri kwamba yule bibi mwenye wajukuu sita ni taasisi.

Katika miaka hiyo hiyo makao ya watoto yalichipuka kando ya ziwa, mengi kwa pesa za wafadhili wa nje. Mengine yalifanya kazi njema. Dani alifanya kazi katika moja na hajutii. Ila yeye mwenyewe aligundua jambo: ukimpa nyanya maharagwe na karo, mtoto anabaki nyumbani. Ukiyapa makao maharagwe na karo, mtoto anahamia makao.

*

Turudi kwa waliokuwa kizingitini.

Januari 2015 hakuna aliyekuja. Ilikuja barua pepe, ikachapishwa, ikatiwa kwenye faili. Wanandoa walisema watangoja. Walituma albamu ya pili mwaka uliofuata, mbwa akiwa mzee. Baada ya hapo sikusikia. Sijui kungoja kwao kuliishaje, na siwezi kuwalaumu.

Hakuna aliyemweleza Jaduong' kitu, kwa sababu angeelezwa vipi? Aliacha kuuliza kuhusu watu wa kitabu alipofika miaka minne hivi. Lakini kuna jambo la kisheria lililomkuta ambalo naliona zito kuliko huzuni. Kwa kuwa alikuwa ameoanishwa na familia, na familia haikuwa imejitoa, haikuwa rahisi kumtafutia nyingine. Na kadiri alivyokua, alizidi kutoka kwenye umri ambao waombaji wa Kenya wanautaka. Wengi wanataka mtoto mchanga, na wengi wanataka msichana. Ukiwa mvulana wa miaka sita, hakuna anayekuulizia.

Mwaka 2018 makao yalianza kupunguza watoto. Upepo ulikuwa umegeuka. Watoto warudishwe kwenye jamii, ndilo wazo ambalo baadaye likawa mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032. Dani, aliyekuwa na miaka 63 na anakaribia kuacha kazi, alisema huyu nitaenda naye. Afisa wa watoto akaja, akatazama nyumba, akatazama choo, akaongea na chifu. Jaduong' akahamia kwetu kwa malezi ya kambo, na begi moja na zile albamu mbili.

Tulidhani hiyo ndiyo hatua ya mwisho. Sasa ona hesabu ya sheria.

Malezi ya kambo si uasili. Mtoto anabaki chini ya serikali, jina ni lile la faili, urithi hana. Dani alitaka kumuasili kabisa. Sheria ya 2001 ilisema mwombaji awe amefikisha miaka 25, amzidi mtoto kwa angalau miaka 21, na asiwe amefika 65. Pia ilisema mwanamke akiomba peke yake hawezi kupewa mtoto wa kiume isipokuwa mahakama iridhike kuna sababu maalum. Dani ni mjane. Sababu maalum angeweza kuzieleza, alikuwa amempikia mtoto uji tangu hana meno. Ilichukua 2018 yote na 2019 kukusanya karatasi: barua ya polisi inakili, faili haionekani, faili imeonekana, afisa amehamishwa. Machi 2020 korona ikaingia na mahakama zikapunguza shughuli nchi nzima. Mwaka huo huo dani akatimiza 65.

Mimi je? Nina miaka 27. Jaduong' ana 13. Namzidi kwa miaka 14. Dani amevuka mpaka, mimi sijaufikia, na sitaufikia hata nikiishi mia, kwa sababu tofauti ya umri haikui. Nilipokuwa chuo kikuu, kabla karo haijanishinda mwaka wa tatu, nilisoma nusu muhula wa sheria ya familia. Nilifikiri hizo namba ni za mtihani.

Sheria mpya ya Watoto ya 2022 imeleta mambo ya maana. Imetambua uasili ndani ya ukoo, imetambua malezi ya jamaa, na shughuli za uasili sasa ziko chini ya Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Lakini dani si jamaa yake kwa damu, basi mlango wa ukoo haumhusu, na mipaka ya umri ipo bado.

Mtu wa mjini anaweza kuuliza, karatasi ni ya nini na mtoto anakula, analala, anapendwa? Swali hilo aliliuliza pia baba mdogo wangu, ila kwa upande wa pili. Mvulana wa Kijaluo akikaribia ujana anajenga simba yake ndani ya boma la baba. Mwaka jana baba mdogo alikaa chini ya mwembe, akanywa chai yake yote, akasema, "Mama, mimi simchukii huyu kijana. Lakini atajenga wapi? Na siku haupo, nitawaambia nini wenzangu?" Si mtu mbaya. Shamba ni ekari moja na nusu na wana wako watatu. Aliuliza swali ambalo karatasi ndiyo inajibu.

Dani alimjibu, "Atajenga nilipokuonyesha wewe." Likaishia hapo siku hiyo. Ila mimi najua, na baba mdogo anajua, kwamba maneno ya dani yatadumu kadiri dani atakavyodumu.

*

Kungoja kumeisha kwingine pia. Mwaka 2024 China, iliyokuwa imetuma ng'ambo watoto zaidi ya 160,000 tangu 1992, ilitangaza kwamba imemaliza, isipokuwa kwa jamaa wa karibu. Kulikuwa na mamia ya familia Marekani zilizokuwa zimeoanishwa na watoto kabla ya korona, zimengoja zaidi ya miaka minne. Zikaambiwa basi. Uholanzi ilitangaza 2024 kwamba itaachana na uasili wa kimataifa hatua kwa hatua. Marekani, kutoka karibu 23,000 mwaka 2004, mwaka 2023 ilipokea 1,275. Enzi iliyoanzia shambani Oregon inafungwa tukiwa hai.

Na Machi 2025, tume ya ukweli ya Korea Kusini ilisema serikali ilibeba lawama: watoto waliandikwa wameokotwa ilhali wazazi walijulikana, utambulisho ulibadilishwa, faili zilipikwa. Waliopeleka malalamiko ni watu wazima, wenye watoto wao, wanaozunguka Seoul wakiwa na kikaratasi cha hospitali. Hawaombi kurudishwa utotoni. Wanaomba faili iseme kweli.

Hilo ndilo nimelichukua kutoka kwa historia hii yote na kulileta nyumbani. Sisi tunadhani mwisho wa uasili ni siku ya mahakama, picha, keki. Mkorea wa miaka 50 anatuambia faili ndiyo inayoishi muda mrefu kuliko keki. Kwa hiyo miezi michache iliyopita mimi na Jaduong' tuliketi na simu yangu, tukapiga picha kila ukurasa: namba ya OB, barua ya kwanza ya polisi, barua ya pili, cheti cha kumtangaza huru, barua pepe ya 2015, fomu ya malezi ya kambo. Alisoma yote. Alikaa kimya kwa zile za polisi, nami nikamwacha. Kwenye barua pepe aliuliza, "Hawa ndio wa mbwa?" Nikasema ndio. Akasema, "Andika hapo kwamba walingoja." Nikaandika.

Wakili mmoja anayetoa msaada wa bure ametuonyesha njia iliyobaki. Dani hawezi kuwa mama yake kisheria, lakini anaweza kuomba mahakama imteue kuwa mlezi wake wa kisheria, na shangazi yangu awe wa kumrithi jukumu hilo akitangulia. Ulezi huo utaisha Jaduong' akifika 18, na hautampa urithi. Kwa hiyo kuna karatasi ya pili, wosia, ambayo dani anaweza kuiandika leo akitaja kipande cha ardhi kwa vipimo. Kwa hiyo ya pili tulimhitaji baba mdogo. Alikuja Jumapili, akaleta kamba ya kupimia yeye mwenyewe. Hakusema mengi. Alisimama pembeni ya ua upande wa chini, akapima hatua, akaniambia niandike.

Ombi la ulezi litatajwa Kisumu mwezi ujao. Wakili ametuonya kwamba kutajwa si kusikilizwa, na tarehe inaweza kusukumwa. Dani amejibu kwamba yeye kungoja anakujua. Nauli ya watu wanne, kwenda na kurudi, tumeiweka kando. Ni wanne kwa sababu baba mdogo amesema anakuja.